Nyumba Zinapanda, Nyaya Ziko Pale Pale

Visiwa vyetu vinajengwa. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakaazi wa Zanzibar kuwa 1,303,569, na ile ya mwaka 2022 ikawahesabu kuwa 1,889,773. Katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu, nao hapana budi wapate pa kulala, pa kusomesha watoto wao na pa kufanyia kazi. Ardhi ya kisiwa haiongezeki, na kwa hivyo nyumba zimeanza kupanda juu. Aliyekuwa na paa la makuti jana ameezeka mabati leo, na mwenye mabati anamwaga zege la ghorofa. Haya ni maendeleo, na hapana mwenye akili timamu atakayeyapinga.

Lakini huko juu nyumba zinakopanda kuna mwenyeji aliyetangulia, naye ni waya wa umeme. Nguzo zilipotiwa, mara nyingi pale palikuwa shamba la minazi au uwanja wa watoto kucheza mpira. Baadaye mtu akauziwa kiwanja, akachimba msingi, akasimamisha kuta, na hatimaye akafika kwenye linta akiwa na waya ubavuni mwake. Hapo ndipo anapoitwa kibarua, kijana wa miaka ishirini na kitu, akaambiwa: “Pandisha nondo.”

Safu hii leo inakusudia kuzungumza juu ya kijana huyo, na juu ya wale wote waliokuwa na uwezo wa kumwokoa kabla hajapanda ngazi.

Wengi wetu tunazijua nyaya za umeme kwa kuziona tu. Kwanza ifahamike kwamba waya wa laini kubwa, ule unaokaa juu ya vikombe vya kauri kileleni mwa nguzo, aghalabu ni madini matupu. Hauna mpira wala plastiki ya kuukinga. Kinachowatenga watu nao ni hewa na urefu wa nguzo, basi. Umeme unaopita humo ni wa msongo wa volti 11,000, na katika njia nyengine volti 33,000, ilhali umeme tunaowashia taa majumbani ni wa volti 230 tu. Ndege anatua juu ya waya huo akachambua manyoya yake kwa raha, nasi tukimtazama hudhani kuwa waya hauna kitu. Ndege amesalimika kwa sababu hakugusa kitu kingine chochote. Lau angalikuwa na mguu mmoja kwenye waya na mwengine ardhini, angaliungua papo hapo. Binadamu aliyesimama juu ya zege mbichi, ameshika chuma mkononi, ndiye ndege wa namna hiyo.

Tufanye hesabu kidogo, maana jambo hili ni la hesabu. Nguzo ya mita 10 huzikwa takriban sehemu yake moja ya sita, kwa hivyo kinachobaki juu ya ardhi ni kama mita 8 na kitu. Kati ya nguzo na nguzo waya hulegea, na katikati unaweza kuwa mita 6 au 7 tu kutoka chini. Nyumba ya ghorofa moja, kila dari ikiwa na mita 3, inafika pale pale ulipo waya. Nondo ya dukani ina urefu wa karibu mita 12. Fundi anayeisimamisha ili aitumbukize katika nguzo ya zege, hata akiwa chini kabisa, ameshika kitu kinachoupita waya kwa mita tano. Tena waya hauko mahali pamoja siku nzima. Jua la mchana na mzigo wa umeme wa jioni huutia joto, nao ukapata joto hurefuka na kushuka. Aliyeukadiria kwa jicho asubuhi akaridhika, saa tisa mchana anafanya kazi chini ya waya ulio karibu zaidi kuliko ule alioupima.

Wala si lazima uuguse. Umeme wa msongo mkubwa huweza kuruka nafasi ya hewa ukakifuata chuma. Nafasi yenyewe si kubwa, lakini nani awezaye kuishika nondo ya mita 12 isitikisike mkononi mwake, juu ya mirunda, na upepo wa kusi unavuma? Ndiyo maana kanuni za usalama kazini za Marekani zinamkataza mfanyakazi asiyesomea umeme, yeye mwenyewe au kitu alichokishika, kukaribia waya wa juu kwa chini ya futi 10, yaani takriban mita 3, na hiyo ni kwa nyaya za msongo usiozidi volti 50,000. Kwa zinazozidi hapo, umbali huongezwa. Mita 3 ni urefu wa chumba. Nenda katika mitaa yetu mipya, simama barazani, utazame juu, kisha ujiulize ni madirisha mangapi yaliyo na mita hizo.

Juu ya namna umeme unavyoua pana mambo mawili yasiyojulikana vya kutosha. Taa ya zamani ya wati 60 hutumia robo tu ya ampia moja, na hata sehemu ndogo ya mkondo huo, ikipita kifuani, yatosha kuuvuruga moyo ukaacha mwendo wake. Kwa hivyo asidhani mtu kwamba waya wa nyumbani si kitu, na kwamba ule mkubwa peke yake ndio muuaji. La pili ni kuwa anayenusurika na waya mkubwa huenda akaonekana mzima. Ana doa jeusi kiganjani na jengine unyayoni, anasimama, anaomba maji, anasema hana neno. Kumbe umeme umepita ndani ukachoma nyama katika njia yake yote, na mabaki ya nyama ile huingia katika damu yakazidhuru figo. Mtu huyu ni mgonjwa wa hospitali, siku ile ile, hata akikataa.

Msiba unapotokea, neno la kwanza linalosemwa ni kwamba ilikuwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Hapana Muislamu anayekanusha kudra. Lakini vyuoni tulikosomeshwa kudra ndiko huko huko tulikosomeshwa kisa cha yule bedui aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akiuliza kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga, atawakali; akaamrishwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Ngamia wetu hatukumfunga. Tulimweka kijana chini ya volti 11,000 bila ya kuuliza lolote, kisha matangani tukaitaja kudra ili pasiwe na wa kuulizwa.

Neno la pili ni kwamba marehemu alikuwa mzembe. Hili linakera zaidi, kwa sababu husemwa na wale walio salama. Hebu tuzifuate nyayo za jambo kinyumenyume. Nondo ilipandishwa na kibarua kwa amri ya fundi. Fundi alipewa kazi na mwenye nyumba, aliyemtaka amalize kabla ya mwezi kuandama. Mwenye nyumba alijenga katika kiwanja alichouziwa chini ya njia ya umeme, na mauziano yakashuhudiwa na watu wazima. Msingi ulipochimbwa, sheha aliuona. Ramani, kama ilikuwapo, ilipita katika meza ya ofisi inayotoa vibali, na huenda ramani hiyo ilichora kila mlango na kila choo isipokuwa waya uliopita mita moja kutoka ukumbini. Wasomaji wa mita walipita. Kila mmoja aliuona waya na kila mmoja alidhani kuwa kazi ya kusema ni ya mwengine. Katika mlolongo huo wote, aliyekuwa na uwezo mdogo kabisa wa kusema “hapana” ni yule aliyekufa. Kibarua akikataa kupanda, wapo vijana wengine watatu wamekaa kwenye kivuli cha mwembe wanangoja nafasi yake.

Kwa maoni yetu, basi, swali la kuulizwa kabla ya kazi ni moja: je, waya huu waweza kuzimwa? Uingereza, katika kanuni zao za umeme kazini za mwaka 1989, swali ndilo hilo. Mtu hapaswi kufanya kazi karibu na waya wenye umeme mpaka ithibitike kwamba haikuwa busara kuuzima, na kwamba kazi yenyewe haina njia nyengine, na juu ya hayo hatua za kumlinda ziwe zimechukuliwa. Kofia ngumu na glavu huja mwisho. Kwetu huja mwanzo, tena mara nyingi huishia katika picha za siku ya uzinduzi.

Wenye nyumba ukiwauliza kwa nini hawaombi kuzimiwa umeme kwa saa mbili, hujibu kuwa hawajui wamwendee nani, au wanaogopa gharama, au wanaona haya majirani wasije wakalaumu kwamba samaki wao wameoza friji kwa ajili ya ghorofa ya mtu. Majibu haya yasipuuzwe. Ikiwa ombi la kuzimiwa waya linamgharimu fundi siku nne za kwenda na kurudi, hataliomba. Atajaribu bahati yake, na siku nyingi bahati itamkubali, jambo ambalo ndilo linalompa ujasiri wa kujaribu tena. Wakuu wanaohusika wanatakiwa waifanye njia hii iwe fupi: fomu ipatikane kwa sheha, siku ya kuzimwa itangazwe mtaani mapema, na waya usihesabiwe kuwa umezimwa mpaka fundi wa umeme mwenyewe awepo na aseme kwa kinywa chake kuwa umezimwa. Pale isipowezekana kuzimwa, uhamishwe waya au usisimamishwe ukuta. Ni gharama, naam. Lakini gharama hiyo ingalikuwa ndogo mno kama ingaliulizwa kabla ya msingi.

Mafundi wa nyumba si peke yao katika hatari hii. Dereva wa tipa anayemwaga mchanga kando ya barabara hutazama nyuma kwenye vioo vyake asimkanyage mtu, na wakati huo huo bodi inapanda kuelekea waya asiouona. Mwendesha winchi naye hutazama mzigo, hatazami ncha ya mkono wa winchi. Hapa inafaa kila dereva asikie maneno haya, na mwenye kusoma amsomee asiyejua kusoma: gari likiguswa na waya, usishuke. Ukikaa ndani, mwili mzima wa gari na wewe mko katika msongo mmoja, kama ndege na waya wake. Anayekufa ni yule anayetia mguu mmoja chini huku mkono ungali umeshika mlango. Mpira wa magurudumu haukukingi na msongo huo. Kaa, wapigie kelele watu wasisogee, ungoje wazime umeme. Ikiwa gari linawaka moto na huna budi, ruka mbali miguu ikiwa pamoja, usiliguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa hatua za kuburura miguu bila ya kuitanua, kwa kuwa ardhi yenyewe huwa na umeme na hatua pana ni njia ya kuupitisha mwilini. Aliye nje asiende kumsaidia kwa mkono wala kwa fimbo. Imekuwa mara nyingi mmoja akazikwa pamoja na aliyekwenda kumvuta.

Mashambani hali ni hiyo hiyo kwa sura nyengine. Msimu wa karafuu Pemba ngazi hubebwa wima kutoka mkarafuu hadi mkarafuu, na mchumaji macho yake yako kwenye vikonyo. Kule maembe na mafenesi yanakozaa karibu na nguzo, watu huangua kwa upembo mrefu wakitumaini kuwa mti ni salama kwa vile si chuma. Mti mkavu kweli hupitisha umeme kidogo. Mti mbichi, au ulionyeshewa, au uliolowa jasho la mikono, ni jambo jengine kabisa. Mkwezi aliye juu ya mnazi huku kuti bichi limelalia waya yumo katika hatari asiyoiona wala kuisikia. Hata wavuvi wanaopakia ngalawa katika gari ili kuihamisha pwani, na mlingoti haukung'olewa, wamo.

Bahari nayo haitusaidii. Upepo wenye chumvi hula vyuma vinavyoshika nyaya na hupaka vikombe utando unaopitisha umeme mvua za kwanza zinaponyesha. Waya ukikatika na kuanguka, watu husogea kutazama, na wakiona hautoi cheche husema umekufa. Hiyo ni dhana ya hatari mno. Waya ulioanguka juu ya mchanga mkavu au jiwe la matumbawe huenda usipitishe mkondo wa kutosha kuikata fyuzi, ukabaki na uhai wake wote umelala kimya. Na hata ukikatika, mashine za kituoni zimetengenezwa ili zirudishe umeme zenyewe baada ya muda mfupi, maana hitilafu nyingi ni za kupita tu, kama tawi lililogusa likaanguka. Mashine haijui kwamba safari hii ni waya ulio chini na mtoto anaukaribia.

Ili ndugu zetu wasidhani tunatia chumvi, watazame yaliyotokea Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 2 Februari 2022. Katika soko la Matadi Kibala waya wa msongo mkubwa ulikatika baada ya mvua ukaangukia maji yaliyotuama. Watu 26 walikufa, wengi wao wanawake waliokuwa sokoni. Soko lile lilikuwa mahali pao pa kazi kama vile jengo lilivyo mahali pa kazi ya fundi, nao walikaa chini ya njia ya umeme kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Nasi tunayo magenge na vibanda vilivyopangwa chini ya nyaya, na masika yetu yana madimbwi.

Kuna kundi la mwisho, nalo ni la mafundi wa umeme wenyewe. Wao hatari yao mara nyengine inatoka majumbani mwetu. Unguja imekuwa ikipata umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 1980. Waya ule uliharibika mwaka 2008 tukakaa gizani kama mwezi mmoja, kisha kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 tukakaa miezi mitatu. Pemba, iliyokuwa ikitegemea mashine za dizeli za Wesha, iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata waya wa pili mwaka 2013. Shida hizo zilitufundisha kununua jenereta, na wengi tungali nazo. Si vibaya. Lakini wako watu wanaoiunganisha jenereta na nyaya za nyumba kwa kuichomeka tu katika soketi, bila ya swichi ya kubadilisha, ile mafundi wanayoiita chenji-ova. Umeme wa jenereta hiyo hautosheki na nyumba. Hutoka kwa njia ile ile ulioingilia wa shirika, ukafika katika transfoma ya mtaa. Na transfoma haina ubaguzi: upande mmoja huteremsha volti 11,000, na ukiipa umeme kwa upande wa pili, huupandisha kuwa 11,000. Fundi aliyeko juu ya nguzo, aliyehakikishiwa kituoni kuwa laini imezimwa, anashika waya uliopewa uhai na mtu anayetazama mpira sebuleni kwake.

Kwa sababu hiyo fundi aliyefunzwa haamini maneno ya simu. Hupima kwanza kwa kifaa, kisha hufunga nyaya zote pamoja kwa waya wa ardhi, pande mbili za pale anapofanyia kazi, ndipo anapogusa. Kazi hii inachukua muda, na wananchi walioko gizani hupiga simu na kutukana. Wakubwa wa zamu wasiwaharakishe vijana hawa. Robo saa ya kufunga waya wa ardhi si ya kupunguzwa kwa ajili ya mtu yeyote, awe raia au mheshimiwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, namba 8 ya mwaka 2005, inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wanaomfanyia kazi. Tatizo linaanza tunapouliza mwajiri ni nani. Mwenye nyumba anasema amempa fundi kazi nzima kwa bei ya jumla. Fundi anasema yeye naye ni mfanyakazi tu. Kibarua hakuandikishwa popote. Jina lake linajulikana kwa lakabu, na ujira wake hulipwa jioni mkononi. Akifa, wanaochangishana sanda ni wenzake, na mjane wake hana ofisi ya kuiendea kudai fidia, kwa sababu hapana karatasi yoyote inayosema kuwa siku ile marehemu alikuwa kazini.

Ofisi zinazotoa vibali vya ujenzi zinaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti: kibali chochote cha nyumba ya ghorofa kisitoke mpaka mkaguzi afike kiwanjani, apime umbali wa waya ulio karibu, auandike kwa mita katika kibali chenyewe, na pembeni yake aandike jina kamili la mtu atakayejibu kwa wafanyakazi wote watakaopanda pale, pamoja na shehia anayoishi. Nakala moja abaki nayo sheha.